Pale umeme unapobadilisha mbebaji: kwa vijana wanaoanza kazi katika ukumbi wa elektrolisi

Wadogo zangu,

Kila kundi jipya linapofika kwetu hapa Lubumbashi, katika ukumbi ambamo shaba huvutwa kutoka majini kwa umeme, kabla sijawapa viatu vya mpira na miwani, huwapa karatasi moja na kuwaomba wachore njia ya umeme kuanzia kwenye redresa, yaani ile mashine inayoupokea mkondo geu wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na kuutoa ukiwa mkondo mnyoofu, mpaka urudi kwenye mashine hiyohiyo. Karibu wote huchora mshale mmoja mrefu: unapita kwenye baa ya shaba, unaingia kwenye seli, yaani tangi la maji yenye shaba, unavuka maji hayo ya buluu, kisha unatokea upande wa pili kama mtu aliyevuka barabara ya Kasapa. Wako waliotoka shule za ufundi za Likasi na Kipushi, wako waliotoka chuo kikuu chetu, na mshale ni uleule. Huo ndio ninaotaka kuuvunja katika maandishi haya, kwa sababu sehemu kubwa ya hasara nilizoziona kazini zilitokea mahali ambapo mchoro wa namna hiyo hauonyeshi kitu chochote: pale umeme unapotoka kwenye metali na kuingia kwenye maji, na pale metali moja inapoukabidhi kwa metali nyingine.

Tuanze na baa. Ndani ya metali vinavyotembea ni elektroni. Atomi za shaba hukaa mahali pake katika mpangilio wake, na kila moja imeachia elektroni ambazo hazina tena mwenyewe maalumu, nazo husogea pindi zinaposukumwa na volti. Ndiyo maana baa inaweza kubeba maelfu ya ampea kwa miaka mingi na uzito wake usibadilike hata kidogo, kwani hakuna atomi ya shaba iliyohama. Metali hazilingani katika kazi hii. Tangu mwaka 1913 upitishaji wa shaba laini umekubaliwa kimataifa kuwa ndio kipimo cha asilimia 100. Fedha huizidi kidogo, ikifika takriban 105, dhahabu hubaki karibu na 70, aluminiamu 61, chuma chini ya 20, na risasi kama 8 hivi. Inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, ambayo ndiyo karatasi ya kathodi mtakayoishika kila siku, ile ambayo shaba huota juu yake, hupitisha asilimia 2 au 3 tu ya kile ambacho shaba ya unene huohuo ingepitisha. Mkishalijua hilo hamtauliza tena kwa nini baa inayoning'iniza kathodi imefunikwa kwa ganda la shaba, wala hamtalichukulia kuwa pambo. Ganda hilo likichakaa, umeme hulazimika kupita kwenye inoksi, na baa huanza kupata joto.

Joto lenyewe lina tabia ambayo lazima muijue mapema. Shaba ikipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 0.39, kwa kuwa atomi hutikisika zaidi na kuziba njia ya elektroni. Ungio lililopanda nyuzi 60 kuliko jirani zake limeongeza karibu robo ya ukinzani wake, ukinzani huo nao huzaa joto jingine, na joto hilo huongeza ukinzani tena. Kwenye maji mambo ni kinyume chake: elektroliti, yaani yale maji ya seli, ikipashwa moto hupitisha vizuri zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuitunza kati ya nyuzi 40 na 50.

Sasa tuingie ndani ya seli. Humo hamna elektroni hata moja inayoogelea. Narudia kwa sababu hili ndilo kosa la kwanza la kila mgeni. Kinachotembea katika maji ni ioni, yaani atomi au vikundi vya atomi vilivyopungukiwa na elektroni au kuzidishiwa. Maji matupu yaliyosafishwa kabisa yana ioni chache mno, na kwa hiyo hupitisha umeme vibaya sana; maji ya bomba, ya kisima na jasho la mkono wenu yana chumvi, na ndiyo sababu yanaua. Asije mtu akasema kwamba shefu alituambia maji hayapitishi umeme. Chumvi kavu nayo haipitishi, ingawa imejaa ioni, kwa maana ioni hizo zimefungwa kwenye fuwele na haziwezi kusogea; mpaka iyeyuke katika maji, au iyeyushwe kwa moto mkali, ndipo njia inafunguka. Wekeni jambo hili la chumvi kavu akilini, nitalirudia nikifika kwenye aibu yangu.

Elektroliti yetu hubeba kiasi cha gramu 40 za shaba katika kila lita, na gramu 180 hivi za asidi ya sulfuriki. Wageni wengi hudhani asidi yote hiyo ipo ili kuzuia shaba isitulie chini. Kazi yake kubwa ni kuwa barabara ya umeme. Ioni ya haidrojeni hupita katika maji kwa kasi inayoziacha mbali ioni nyingine zote, na sababu yake ni nzuri kiasi kwamba sioni ubaya wa kupoteza sentensi mbili juu yake. Haiogelei kutoka upande mmoja hadi mwingine; hupokezanwa kutoka molekuli moja ya maji hadi nyingine, kama vibarua waliosimama mstari mmoja wakipokezana matofali, ambapo tofali linafika ghorofani na hakuna kibarua aliyeondoka mahali pake. Wazo hilo alilitoa Theodor Grotthuss mwaka 1806, wakati hakuna aliyejua bado molekuli ya maji inavyofanana, na bado linasimama. Kwa sababu hiyohiyo, asidi inayokaribia kuwa tupu hupitisha umeme vibaya kuliko ile iliyochanganywa na maji mpaka ikafika kiasi cha asilimia 30 ya uzito: tofali halifiki popote pasipo vibarua wa kulipokea.

Jambo linalofuata huwashangaza hata mainjinia. Kama haidrojeni ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mkondo ndani ya maji, basi shaba haifikishwi kwenye kathodi na umeme peke yake. Hufika hasa kwa kusambaa kutoka mahali ilipo nyingi kwenda mahali ilipo chache, na kwa maji kuzungushwa. Kando ya karatasi ya kathodi pana tabaka jembamba la maji ambalo shaba yake inaliwa mfululizo. Pampu ikilegea, au mtu akafunga vali ya seli moja akaisahau, tabaka hilo huishiwa, na shaba inayoota hapo hutoka nyeusi na ya unga badala ya kung'aa. Umeme haujapungua, ampea kwenye ubao ni zilezile, na mgeni huapa kwamba kila kitu ki sawa.

Kwenye mpaka wenyewe, pale elektroni zinapokoma na ioni zinapoanza, kemia hailazimiki kuitwa. Inatokea tu, kwa sababu hakuna njia nyingine ya umeme kuvuka. Upande wa kathodi kila ioni ya shaba hupokea elektroni 2 na kuwa atomi inayokaa juu ya inoksi. Upande wa anodi kuna aloi ya risasi iliyojivika ganda la rangi ya kahawia la oksidi ya risasi, na ganda hilo halikubali kuyeyuka, kwa hiyo ni maji yanayotoa elektroni: oksijeni hupanda juu kwa mapovu, na haidrojeni hubaki majini ikitengeneza asidi upya. Ioni za sulfati huvutwa kuelekea anodi kama mlivyofundishwa, lakini hazitoi chochote zikifika. Nimewaona wanafunzi wakiandika kwa ujasiri kwamba sulfati huungua pale, na walimu wakawapa alama. Mapovu hayo ya oksijeni ndiyo yanayorusha ukungu wa asidi unaowasha koo, na asidi iliyozaliwa ndiyo tunayoirudisha kwa wenzetu wa idara ya organiki, kile kimiminika cha mafuta kinachobeba shaba iliyotoka kwenye madini, ili wakaitumie kuipokonya organiki shaba iliyobeba. Kwa hiyo seli yetu ina mazao mawili ya kazi, ingawa linalopimwa kwenye mizani ni moja.

Ukitundika anodi ya shaba isiyo safi badala ya risasi, habari hubadilika kabisa. Shaba ya anodi yenyewe hutoa elektroni na kuyeyuka, ikavuka na kukaa upya kwenye kathodi ikiwa safi, na maji hayaguswi. Huko ni kusafisha, na volti 0.3 hivi zinatosha kwa seli moja. Sisi tunaivuta shaba kutoka kwenye maji ya madini na kulazimika kuyapasua maji ili tupate elektroni, kwa hiyo tunahitaji volti 2 hivi. Tofauti hiyo inaonekana kwenye bili: kusafisha tani moja huchukua kama kilowati-saa 300, na kuivuta tani moja kutoka kwenye maji huchukua karibu 2,000. Shituru, kule Likasi, shaba imekuwa ikivutwa kwa njia hii tangu mwaka 1929, na mabwawa yetu ya mtoni yalijengwa kwa sababu ya njaa hiyo ya umeme. Hata ile laini ya mkondo mnyoofu inayotoka Inga hadi Kolwezi, takriban kilomita 1,700, iliyoanza kazi mwaka 1982, iliwekwa kwa ajili ya mukuba, yaani shaba, kabla ya taa za nyumba zetu.

Anayetaka kuiona tofauti hii kwa macho yake, na ninawashauri mfanye hivyo kabla ya wiki ya pili, achukue glasi mbili za maji yenye sulfati ya shaba. Katika ya kwanza atumbukize waya mbili za shaba, na katika ya pili vijiti viwili vya kaboni vilivyotolewa kwenye pile kubwa za tochi zilizokwisha, kisha azifunge zote kwa betri ndogo ya volti 9. Katika glasi ya kwanza waya mmoja utakonda, mwingine utanenepa, na buluu itabaki vilevile. Katika ya pili mapovu yatatoka kwenye kijiti kimoja, kingine kitavaa wekundu, na buluu itaanza kufifia. Kaboni hiyo ni ushahidi kwamba si metali pekee zinazopitisha umeme kwa elektroni. Msijaribu kwa chumvi ya jikoni ndani ya nyumba, kwani hutoa klorini, nayo ni sumu. Na maji ya buluu msiyamwage bustanini wala mtoni.

Majina ya anodi, kathodi na ioni yaliingia kwenye vitabu mwaka 1834 kupitia Michael Faraday, aliyesaidiwa na msomi mmoja wa Cambridge, William Whewell, kuyatafuta katika Kigiriki. Nawaambieni msiyashike kwa alama za chanya na hasi, maana betri ikitoka kwenye kuchajiwa ikaanza kutumika, alama hubaki zilezile na majina huhama. Shikeni hivi: anodi ni mahali vitu vinapotoa elektroni, kathodi ni mahali vinapozipokea.

Faraday huyohuyo ndiye aliyetupa hesabu tunayoishi nayo. Wingi wa kitu kinachotolewa hufuata wingi wa umeme uliopita, bila kujali ukubwa wa tangi wala nguvu ya asidi. Kwa shaba, ampea 1 ikipita saa 1 huweka gramu 1.186. Chukueni kathodi yenye mita mraba 2 ukihesabu pande zote mbili, na mkondo wa ampea 300 kwa kila mita mraba: hizo ni ampea 600, sawa na gramu 711 kwa saa, kilo 17 kwa siku, na karibu kilo 119 kwa siku 7. Seli yenye kathodi 60 za namna hiyo inapitisha ampea 36,000, na kwa siku moja ingepaswa kutoa kilo 1,025. Mizani haitawapa hizo. Itawapa labda 940, na hiyo ndiyo tunayoiita mavuno ya mkondo ya asilimia 92. Zile kilo 85 zilizokosekana hazikuibwa na mtu wa zamu ya usiku, ingawa ndivyo tunavyoanza kushukiana. Zimeliwa na mambo mawili: chuma na mgusano.

Kuhusu chuma nitasema kwa ufupi. Ioni ya chuma yenye upungufu wa elektroni 3 hufika kathodi ikachukua moja, ikaenda anodi ikaitoa, ikarudi kathodi kuchukua nyingine; ni mtu unayemlipa kila siku kwa kubeba jiwe lilelile kwenda na kurudi. Gramu chache za chuma kwa lita zinatosha kula asilimia kadhaa za mkondo wenu, na dawa yake ni kumwaga sehemu ya elektroliti na kuweka safi. Mgusano nao ni pale kathodi na anodi zinapogusana, au kinundu cha shaba kinapoota mpaka kikafika risasi. Hapo umeme hupita kama elektroni moja kwa moja, bila kulazimika kugeuka kuwa ioni, kwa hiyo hakuna kemia na hakuna shaba. Baa ya sahani iliyogusana huwa moto mpaka matone ya maji yakirushwa juu yake yanachemka kwa sauti, na hivyo ndivyo wazee walivyozitafuta kabla hatujapewa kamera za joto. Sahani iliyopindishwa na winchi ndiyo chanzo cha mara nyingi. Itengeni, msiirudishe kwa huruma.

Maungio yaliyo juu ya seli yanahitaji maneno zaidi, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyo mikononi mwenu. Volti 2 za seli hugawanyika hivi: kemia yenyewe hudai kama volti 0.9, oksijeni hudai zaidi ya nusu volti ya ziada ili ikubali kutoka kwenye risasi, maji ya kati hula kama 0.2, na kinachobaki huliwa na metali na maungio yake. Vile vya kwanza havibadiliki sana kwa juhudi zenu. Cha mwisho hubadilika kwa kitambaa na maji ya moto. Tuseme maungio ya seli yamechafuka yakala volti 0.1 zaidi. Kwa ampea 36,000 hizo ni wati 3,600 zinazopasha hewa; kwa seli 100 ni kilowati 360; kwa siku ni kilowati-saa 8,640, ambazo zingetosha kuvuta tani 4 na zaidi za shaba.

Mwaka wangu wa kwanza, katika kiwanda ambacho sitakitaja, nilipewa safu moja ya seli niioshe maungio. Maji ya moto yalikuwa mbali, zamu ilikuwa inakaribia kwisha, na ndoo iliyokuwa karibu nami ilikuwa na maji ya kuoshea yaliyokwisha kutumika, ya buluu kidogo. Niliosha nayo. Baa zikang'aa mbele ya macho yangu, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Usiku maji yalikauka juu ya baa zenye joto, na sulfati iliyokuwamo ikabaki katikati ya shaba na shaba kama tabaka la fuwele lisiloonekana, nalo ni chumvi kavu ile niliyowaomba muiweke akilini. Asubuhi mzee wa zamu alichukua milivoltimita, akagusisha ncha moja kwenye baa ya seli na nyingine kwenye baa ya kathodi, akasoma, akasogea, akasoma tena. Hakusema neno. Maungio mazuri yalisoma milivolti chache tu. Yangu yalipita 100, na mengine hayakupitisha karibu chochote.

Hasara haikuishia kwenye sahani zangu. Kathodi za seli moja zimefungwa sambamba, na seli zenyewe zimefungwa kwa mfuatano, kwa hiyo ampea zote zilizoingia lazima zipite. Zikikataliwa na sahani moja huwaangukia majirani zake. Siku ya kubandua shaba kutoka kwenye inoksi, sahani zilizokuwa na maungio mabaya zilitoa karatasi nyepesi zilizochanika kwenye mashine, na majirani zake, waliobeba mzigo wa watu wawili, walikuwa wameota vinundu kama chunusi, na baadhi vilikuwa vimeshagusa risasi. Mzee alinipa milivoltimita ile niibebe mwezi mzima. Tangu hapo naosha kwa maji safi ya moto, nasugua, nakausha, na sikiamini kitu kwa sababu kinang'aa.

Jambo jingine ambalo vitabu vya mbali hulipa mistari miwili, na sisi wa hapa tunaliishi, ni delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Umeme ukikatika, wageni hudhani kwamba seli imelala, wakaenda kunywa chai. Seli hailali. Mnayo mbele yenu sahani ya oksidi ya risasi na sahani ya shaba ndani ya asidi, zilizounganishwa juu kwa baa nene. Hiyo ni betri kamili, nayo huanza kutoa mkondo kwa kurudi nyuma. Shaba mliyoivuta kwa jasho huanza kuyeyuka, chuma na oksijeni iliyomo majini vikiisaidia, na ganda la kahawia la anodi hugeuka kuwa sulfati ya risasi, ambayo haishiki vizuri. Umeme unaporudi, ganda hupasuka na kumeguka vipande, na vipande hivyo hunaswa ndani ya shaba ya kathodi. Mteja huviona kwenye karatasi ya maabara kama risasi iliyozidi, akashusha bei. Ndiyo sababu panakuwa na redresa ndogo inayolishwa na jenereta ili ishikilie mkondo mdogo, wa kuzuia tu betri hiyo isianze. Taa zikizimika, kazi yenu ya kwanza ni kuhakikisha kwamba redresa hiyo imeshika na kwamba elektroliti inazunguka, kisha andikeni saa. Andikeni saa kamili, maana maswali yatakayokuja wiki ijayo kuhusu risasi yatajibiwa na daftari hilo peke yake.

Ganda hilo la anodi lina mlinzi mwingine ambaye ni wa kwetu. Kobalti kidogo ndani ya elektroliti, kiasi cha miligramu 100 hadi 200 kwa lita, huirahisishia oksijeni kutoka na kuipunguzia risasi kuliwa. Viwanda vya nchi nyingine huinunua na kuiongeza kwa kipimo. Kwetu mara nyingi huja yenyewe na madini.

Kuhusu usalama mtapewa semina, nami nitaongeza mambo ambayo husahauliwa. Pete na saa za chuma ziacheni kabatini, kwani volti 2 haziwezi kuwashtua, lakini ampea zilizo nyuma yake zinaweza kuifanya pete iwe nyekundu kidoleni kabla hamjapiga kelele. Msijidanganye kwamba ni volti 2 tu kila mahali: seli 100 mfululizo ni volti 200, na aliyesimama kwenye sakafu yenye asidi akagusa mwisho wa safu anaugusa mzigo mkubwa kuliko anavyodhani. Asidi ndiyo inayomiminwa katika maji, polepole, kamwe si maji katika asidi.

Na kwa kuwa wengi wenu mmeniuliza kuhusu betri za sola mlizonazo nyumbani Katuba na Ruashi, hizo za risasi ni ukumbi wetu mdogo. Ndani yake mna seli 6 za takriban volti 2.1, risasi upande mmoja na oksidi yake upande wa pili, na asidi ambayo, tofauti na yetu, huliwa betri inapotumika: ndiyo sababu uzito wa maji yake, ukilinganishwa na maji matupu, hushuka kutoka karibu 1.28 ikiwa imejaa hadi chini ya 1.2 ikiwa imekwisha. Maji yakipungua ongezeni maji yaliyochujwa kwa mvuke, kwani ya kisima huleta chuma na klorini, na yule mtu anayekwenda na kurudi na jiwe lake huanza kazi humo pia. Msiongeze asidi, kwa kuwa kilichopotea ni maji tu. Ikichajiwa sana hutoa haidrojeni, ambayo hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, kwa hiyo isikae chumbani mnapolala wala karibu na mbabula, yaani jiko la makaa.

Betri ikionekana kufa mapema, fungulieni taa zote, kisha wekeni ncha moja ya kipimo juu ya kichwa cha risasi chenyewe na nyingine juu ya kibanio cha waya. Hapo hapapaswi kuwa na volti za kuonekana. Mkisoma nusu volti, osheni ungio kwa maji ya moto yenye bikaboneti, kausheni, kazeni, pakeni vaselini, mpime tena, kabla hamjapeleka pesa sokoni kununua nyingine.